Milingi ya mtumba na kitabu cha ulegevu wake

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikitengeneza mashine za kushona za viwandani. Juki, ovalok, za kutia vifungo, za kushona ngozi. Kazi hunipeleka Eastleigh na Gikomba, hapa Nairobi, mara nyingine hadi Athi River kwenye viwanda vya nguo. Na miaka hiyo yote kitu kimoja kimenila pesa na muda: vipuri vidogo visivyopatikana. Bamba la sindano la mashine ambayo haitengenezwi tena. Kipande cha kushikia mota. Mguu wa kukunja upindo ambao mteja anautaka wa milimita 11, na dukani kuna wa 10 na wa 12 tu. Nikibeba mchoro wangu hadi Kariobangi Light Industries, nakuta foleni ya watu walioleta shafti za malori. Kazi yangu ya saa moja inalala siku tatu, na simlaumu fundi, maana shafti ya lori inamlipa kodi ya mwezi na kijimguu changu hakimlipi hata chakula cha mchana.

Lethi ndogo ninayo nyumbani Utawala. Lakini lethi huzungusha kile kinachochongwa, kwa hiyo hutoa vitu vya mviringo. Kwenye milingi, mashine niliyokuwa nikiikosa, kinachozunguka ni kisu. Chuma chako kimefungwa mezani, nawe unaisogeza meza kwa mikono: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Ukitaka uso bapa, mfereji, kona ya mraba, au tundu lililokaa mahali pake hasa, hiyo ndiyo mashine yake.

Nilitafuta karibu miaka miwili. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imeanguka kutoka kwenye lori na mwili wake una ufa uliojazwa na kupakwa rangi. Ya pili ilikuwa nzima, ila meza yake ilikuwa ndefu kuliko gereji yangu. Ya tatu nilielekezwa na dereva wa lori: karakana iliyokuwa ikifungwa karibu na Barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area, mwenyewe mzee anayestaafu na kurudi nyumbani kwao.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda kuiona nilimpigia baba simu. Baba alikuwa fundi wa lethi kwenye karakana za reli hapa Nairobi, aliingia mwaka 1971 wakati lingali Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na mimi nimezaliwa katika nyumba za reli za Muthurwa. Sasa yuko kijijini, Kakamega.

"Mama," akaniambia, "usitazame rangi. Rangi hupakwa. Wewe shika gurudumu uligeuze, halafu uligeuze kinyume. Hesabu ni alama ngapi zinapita kabla meza haijasonga. Hapo ndipo umri wake ulipo."

Mashine yenyewe ni Bridgeport. Kampuni hiyo ilianzishwa na watu wawili wenye asili ya Uswidi, Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom, katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, na milingi ya kwanza ya muundo huu iliuzwa mwaka 1938. Uzuri wake ni kichwa. Kimekaa juu ya mkono mzito unaoweza kuvutwa mbele, kurudishwa nyuma na kuzungushwa, na kichwa chenyewe huinama kila upande, kwa hiyo mashine moja hufanya kazi ambazo zamani zilihitaji mashine kadhaa. Zilitengenezwa pia Leicester, Uingereza, na bamba la hii lilisema Leicester. Si ajabu, mashine nyingi kuukuu za Nairobi zimetoka upande huo.

Nilifika na mfuko wenye tochi, pamba, chupa ya mafuta ya taa na saa ya kupimia ya baba, ile mafundi huita dayo geji, ambayo sindano yake huonyesha msogeo mdogo sana, katika kisanduku chake cha mbao. Mzee alinikaribisha vizuri. Aliuliza, "Binti yangu, mumeo anakuja?" Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, mnunuzi ni mimi." Akacheka kidogo kwa wema, akaniwekea kigoda na kuniacha nifanye kazi yangu. Nilikaa pale saa tatu.

Cha kwanza nilipangusa reli ambazo meza huteleza juu yake. Reli hizi hukwanguliwa kwa mkono huko kiwandani na kuachwa na madoa madogo madogo yanayopangana, yenye kushika oili. Huku mwishoni, ambako meza hufika mara chache, madoa yalikuwa wazi kabisa. Katikati yalikuwa yamefutika na chuma kinang'aa kama kioo. Hiyo ni hadithi ya kila milingi: watu huweka jiliwa, kile kibano cha kushikia chuma, katikati ya meza na kufanya kazi hapo hapo miaka thelathini. Sehemu ya katikati inaliwa, pembeni panabaki papya.

Kisha gurudumu. Skrubu ya meza ya Bridgeport ya inchi huisogeza inchi 0.2 kwa kila mzunguko mmoja, yaani milimita 5.08, na pete ya gurudumu ina alama 200, kila alama ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Nikageuza kulia mpaka meza ikasonga, nikasoma, nikageuza kushoto polepole nikihesabu. Alama 38 zilipita meza ikiwa imelala tu. Karibu milimita nzima ya ulegevu. Upande wa mbele na nyuma, alama 22.

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, milimita moja ni kitu cha kuogopa hapa, na sababu yake ni hii. Kisu kinapozunguka kikisukuma chuma dhidi ya mwendo wa meza, skrubu inabaki imekazana na kila kitu kimetulia. Ukipeleka meza upande ule ule ambao kisu kinavuta, kisu hukishika chuma na kukivuta kwake, na meza inaruka umbali wote wa ule ulegevu mara moja. Kwa ulegevu wa alama 2 hutasikia kitu. Kwa alama 38 kisu kinavunjika, au kazi inang'oka kwenye jiliwa na kuruka.

Lakini ulegevu wa nati, ile ambayo skrubu ya meza hupita ndani yake, unaweza kupunguzwa, kwa sababu nati ya shaba ya mashine hizi imepasuliwa ili iweze kukazwa. Beringi za spindo, ule mhimili unaozungusha kisu, ni jambo jingine, hizo ni ghali na hazina huruma. Kwa hiyo huko ndiko nilikotumia muda mwingi. Niliishika ile saa ya baba kwa sumaku, ncha yake nikaigusisha ndani ya tundu la koni linaloshika koleti, yaani kishikio cha kisu, nikazungusha spindo kwa mkono. Sindano ilicheza nusu ya elfu ya inchi, karibu milimita 0.013. Nikamwomba mzee awashe kwa mwendo wa juu kabisa, tukaiacha dakika kumi na tano. Sauti ilikuwa moja, haina mkwaruzo. Nikaweka kiganja kwenye pua ya spindo: vuguvugu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa.

Mezani nilihesabu matundu saba, mahali ambapo watu walitoboa kazi yao wakapitiliza. Pampu ya oili ilikuwepo. Nilipoivuta ilirudi kama kawaida, nikaridhika. Hapo nilikosea, nitafika.

Alitaka 420,000. Nilimwonyesha zile alama 38, reli za katikati na matundu, bila kumdharau, maana alikuwa ameilisha familia yake na mashine hiyo. Tukakubaliana shilingi 355,000, pamoja na jiliwa, koleti nane na kopo la visu vya zamani. Wakati wa kuagana aliipapasa meza yake mara moja, akatoka nje.

Kabla ya kuileta nilivunja sakafu ya gereji. Milingi hii ina uzito wa zaidi ya kilo 900 na sakafu yangu ilikuwa ya unene wa sentimita saba, imemwagwa kwa ajili ya gari dogo. Nilimwaga zege la sentimita 20 lenye nondo, nikalimwagilia maji asubuhi na jioni, nikangoja siku 28 kamili. Mafundi wa mtaani walisema wiki moja inatosha. Nilingoja.

Tuliihamisha Jumapili asubuhi, barabara za Industrial Area zikiwa tupu. Mashine hii ina kichwa kizito na kiuno chembamba, na hilo ndilo huua watu. Kwa hiyo tulishusha sehemu ile inayobeba meza, ambayo mimi naiita goti, hadi chini. Tukarudisha mkono wa juu nyuma, tukageuza kichwa kikatazama chini, kila bolti ikakazwa. Lori lenye kreni likaiinua kwa mkanda uliopitishwa chini ya mkono wa juu, taratibu, sentimita tano kwanza tuone inaegemea wapi. Iliegemea mbele. Tukaishusha, tukasogeza meza nyuma, tukainua tena ikasimama wima.

Utawala kreni haikuweza kuingia chini ya paa la gereji. Mita sita za mwisho zilikuwa za mabomba ya chuma na mitaimbo: vijana wanne, mabomba matano, unaliondoa la nyuma na kuliweka mbele. Nilitoa sheria mbili tu. Hakuna mkono kwenda chini ya mashine kwa sababu yoyote, bomba likikaa vibaya lisukumwe kwa ubao. Na mashine ikianza kuinama, hakuna wa kujaribu kuizuia, wote kukimbia. Mita sita zilichukua saa mbili na nusu. Hakuna aliyeumia hata ukucha, na hilo bado linanifurahisha kuliko bei niliyonunulia.

Sasa umeme. Mota ni ya fezi tatu, nguvu farasi moja na nusu, volti 415. Nyumba yangu ina fezi moja ya volti 240 kama nyumba nyingine zote za mtaa. Jibu ni inverta, kisanduku kinachochukua fezi moja na kutoa tatu. Lakini inverta ya aina hiyo haipandishi volti: ukiingiza 240, inatoa fezi tatu za 240. Ukiipa mota ya 415 umeme huo, itazunguka bila nguvu na kupata joto.

Hesabu iliyonikomboa ni hii. Mota hiyo ndani yake ina makundi matatu ya nyaya, yamefungwa kwa mtindo wa nyota. Kwenye nyota, kila kundi halipati 415, linapata 415 gawanya kwa 1.732, ambayo ni 240. Ukiyafungua na kuyafunga upya kwa mtindo wa delta, kila kundi linapata volti yote inayoingia. Ukiingiza 240 kwenye delta, kila kundi linapata 240 ile ile liliyoizoea. Mota haioni tofauti, ila inavuta ampea nyingi zaidi mara 1.732, na unaipangia inverta hivyo.

Tabu ni kwamba mota yangu ilitoa waya tatu tu. Ile nukta ya katikati ya nyota ilikuwa imefungwa na kuzikwa ndani ya nyaya kiwandani. Nilimpelekea fundi wa kusuka mota Kariobangi, kijana mtulivu sana. Aliipasha moto vanishi, akachimbua kwa kijiti cha mwanzi ili asikwaruze waya, akaipata nukta, akaitenganisha, akaunga vipande vitatu vipya na kuvitoa nje. Mota ikarudi na waya sita. Alinitoza shilingi 3,500. Nilimwongezea, kwa sababu angeweza kuniambia isukwe upya kwa elfu kumi na tano na nisingejua.

Jambo moja kwa yeyote atakayefunga inverta: usiache swichi ya zamani ya mashine kati ya inverta na mota. Kuikata waya hapo mota ikizunguka kunaweza kuiua inverta. Swichi ya kuwasha, kuzima na kurudisha nyuma inaunganishwa na waya ndogo za amri za inverta yenyewe. Na funga waya wa ardhi kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki ya kwanza niliitumia kwa furaha. Wiki ya pili meza ikaanza kuguna ikienda kulia. Nikavuta pampu ya oili, ikarudi kama kawaida, lakini nilipofunua pembeni reli zilikuwa kavu. Pampu ilikuwa inarudisha oili ndani ya kopo lake. Tuliivua meza watu wanne. Vimirija vyote vilikuwa vimejaa grisi iliyokauka ikawa kama nta. Miaka ya nyuma kuna mtu alijaza grisi mahali pa oili. Grisi haitembei kwenye mirija ile. Inaketi, inashika vumbi la chuma, na vumbi la chuma ndani ya grisi ni msasa. Ule ulaji wa katikati ya reli nikauelewa upya.

Nilitoa mirija yote, nikaweka ya nailoni, nikavizibua vile vichujio vidogo kimoja kimoja kwa mafuta ya taa. Oili niliyotia ni ya reli za mashine, uzito wa 68, ile inayong'ang'ania chuma. Nikavuta pampu nikiwa nimepiga magoti na tochi, nikaona oili ikichomoza kwenye mfereji wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Nilikaa sakafuni nikaitazama. Ukinunua milingi ya mtumba, usiamini pampu mpaka uone oili kwa macho mwisho wa kila njia.

Meza ikiwa nje, nilikaza pia nati ya shaba na kurekebisha kabari, ule ubao mrefu wa chuma unaoziba nafasi kati ya meza na reli. Hapa panahitaji busara. Ukikaza mpaka katikati pakawa pazuri, mwishoni meza inagoma, kwa sababu kule skrubu na reli hazijaliwa. Niliacha alama 12 katikati na 4 mwishoni. Nikaviandika kwenye daftari, kila sentimita tano ya meza na alama zake. Daftari hilo limening'inia kwenye msumari karibu na swichi.

Baba alikuja kwa basi la usiku kwa ajili ya kunyoosha kichwa. Nilimwambia nitaweza peke yangu, akasema anajua, ila anataka kuketi.

Kunyoosha kichwa ni kuifanya spindo isimame wima kabisa juu ya meza. Unafunga saa ya kupimia kwenye spindo kwa mkono mrefu, ncha inagusa meza, unazungusha spindo kwa mkono ncha ichore duara pana, kwangu milimita 250. Sindano ikisoma sawa kushoto, kulia, mbele na nyuma, kichwa kiko wima. Kisipokuwa wima kila uso utakaouchonga utakuwa na mabonde, na kila tundu litakwenda mshazari.

Kichwa hushikwa na bolti nne. Nilikuwa nikiisoma sindano, nalegeza zote, nasogeza, nakaza, nasoma, nakuta imehama tena. Mara sita. Baba alinyamaza kwenye kigoda. Ya saba akasema, "Mama, unazilegeza mno. Zikaze nusu, zikishike kichwa lakini kiweze kusogea. Halafu zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, ukisoma kila mara. Kukaza kwenyewe kunakivuta, kwa hiyo upe nafasi kabla."

Nikafanya hivyo. Kushoto na kulia ikatulia ndani ya milimita 0.02. Mbele na nyuma ilinichukua jioni nzima. Baba aliishika saa ile mara moja tu, akaipangusa kioo kwa kidole gumba, akanirudishia.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa ule mguu wa upindo wa milimita 11. Nilikata mfereji wa kati kwa kisu cha milimita 10, kisha nusu milimita kila upande. Upande wa kwanza nilifika mahali nikitokea kushoto. Kwa upande wa pili nilipita kwanza, nikarudi, nikatokea kushoto tena, ili zile alama 12 za ulegevu ziwe zimekwisha kuliwa kabla kisu hakijagusa. Nilipima: milimita 11.02. Nikausugua kwa msasa mwembamba mpaka kitambaa kiteleze.

Nikaupeleka Eastleigh. Fundi wa suruali aliufunga mwenyewe, akaingiza jinzi chini yake, akakanyaga. Upindo ulijikunja na kuingia bila yeye kuushika. Alifika mwisho, akakata uzi, akaugeuza kuutazama kwa ndani, akachukua mguu wa pili wa suruali.